Meli Isiyopoteza Mtu

Pale Ponta d'Areia, ng'ambo ya ghuba ya Rio, mkabala na ukuta wa klabu ya mabaharia wastaafu, pana ubao uliolazwa juu ya vyuma viwili vya kufungia meli. Kila asubuhi hukaa hapo wanaume watatu ambao dunia nzima inawaficha jambo. Hivyo ndivyo wanavyoamini, na ukiwabishia watakuuliza nani kakutuma. Boila alifanya kazi miaka sita katika chumba cha moto cha manowari Jaguaripe, na mikono yake ina makovu ya mvuke hadi kwenye viwiko. Redio hajawahi kupanda chombo chochote zaidi ya feri ya kwenda Rio, ila ana redio ya masafa mafupi na masikio marefu kupita mawimbi yake. Askofu alisomea upadri miezi minane, wakamfukuza, akaondoka na methali. Kahawa huuza Mama Zulmira, tamu ya kung'oa jino. Asubuhi hiyo ya mwaka 1980 gazeti lilikuwa limeleta habari: Jaguaripe, iliyouzwa chuma chakavu, imezama karibu na ncha ya Afrika ikikokotwa kwenda Asia kukatwakatwa.

— Haijazama, alisema Redio.

— Gazeti linasema imezama, alisema Mama Zulmira.

— Ndiyo maana nakwambia haijazama! Juzi usiku kucha nimesikiliza. Hakuna sauti hata moja baharini. Kimya tupu. Sasa meli ya tani elfu kumi izame, watu wakae kimya? Kwa nini wakae kimya?

— Wahenga walishasema, alidakia Askofu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nayo ikainama, ikaenda zake mvunguni.

— Hiyo methali haihusiani.

— Wewe huna elimu ya dini, nyamaza.

Boila hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa na gazeti gotini, na kidole chake kilikuwa kwenye mstari mmoja tu, akiusoma kwa mara ya tano: kwamba katika miaka ishirini na miwili chini ya bendera yetu, meli hiyo tukufu haikupoteza mtu hata mmoja.

Hata mmoja. Na maneno hayohayo, alikuwa ameambiwa na katibu wa klabu, yangeandikwa leo kwa rangi ukutani, futi chache kutoka pale alipoketi, herufi kubwa, ayasome kila siku mpaka afe.

— Uongo, alisema.

— Si ndiyo nasema! Redio alipiga paja. Imeuzwa upya. Kamba imekatwa makusudi, meli imefichwa ghuba fulani, inapakwa rangi. Mwakani utaiona Buenos Aires. Wanawauzia Waajentina.

— Waajentina! Mama Zulmira alijishika kiuno. Mungu apishe mbali.

— Na ni meli gani tuliyouziwa sisi, kwani? Redio akashusha sauti, akaangalia kulia na kushoto, kwa sababu mwaka ule nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, na maneno ya jeshi hayakusemwa kwa sauti. Wamarekani waliipeleka kupigana na Wajapani. Ikapigwa kombora la majini, pua yote ikang'oka. Kisha ndege ikaiangukia matakoni. Sasa hesabu. Pua imekwenda, matako yamekwenda. Kilichobaki nini?

— Kiuno, alisema Askofu.

— Kiuno! Tukauziwa kiuno cha meli, mbele wamebandika meli nyingine, nyuma nyingine. Meli tatu kwa jina moja. Ndiyo maana ilikuwa inatembea upande upande kama kaa.

— Haikutembea upande upande, alisema Boila. Mimi nilikuwamo.

— Wewe ulikuwa chini kwenye moto. Ungejuaje inaelekea wapi?

Hilo lilikuwa kweli. Miaka sita aliyotumika, bandari nyingi alizijua kwa harufu tu.

— Mimi nina ushahidi mzito kuliko huo, alisema Askofu, akajisogeza. Namba yake ya Kimarekani ilikuwa ngapi? Arobaini na tisa. Jana kwenye ile bahati nasibu ya wanyama katoka nani?

— Jogoo, alisema Mama Zulmira.

— Jogoo! Na arobaini na tisa ni ya nani? Ya jogoo! Meli inazama leo, jogoo anatoka jana. Wakubwa walijua. Wakubwa walicheza.

— Na wewe uliweka jogoo? aliuliza Redio.

— Niliweka ng'ombe.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Boila peke yake hakucheka.

— Nyie mnaona mchezo, alisema. Muhogo alikufa mle.

Habari za Muhogo, mwenzake wa chumba cha moto, walikuwa wameshazisikia mara nyingi. Ila gazeti halikuwa limewahi kumkana waziwazi namna hii, na Boila alizianza upya.

— Alikuwa anamwagia kila kitu unga wa muhogo. Samaki unga, maharage unga, kahawa, ndiyo, mpaka kahawa. Mwaka hamsini na nane, tuko nje ya pwani ya Bahia, bomba la mvuke likapasuka. Mimi nilikuwa nimesimama hapa, yeye hapo. Nilimtoa kwa mikono hii. Ngozi yake ilibaki kwenye mikono yangu, jamani. Akafa ngazini, kabla hatujafika juu. Mnajua waliandika nini? "Ameteremshwa bandari ya Salvador, mgonjwa." Aliteremshwa kweli, ndani ya sanduku. Sasa mgonjwa aliyeteremka hahesabiwi kafia melini. Ndiyo hiyo "hata mtu mmoja" yao!

— Asiyekuwapo na lake halipo, alisema Askofu, kwa nia ya kufariji.

— Ukome!

— Nimesema tu...

— Walimfuta, alisema Boila, akilikunja gazeti. Miaka ishirini na miwili nasema walimfuta, hakuna anayesikia.

— Mimi nasikia.

Aliyesema hivyo hakuwa mmoja wao. Alikuwa mwanamke wa makamo, suruali yake imejaa madoa ya rangi, ngazi ameiegemeza ukutani, na kikombe cha Mama Zulmira kiko mkononi mwake. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Redio alimkagua kuanzia viatu.

— Nani kakutuma?

— Klabu. Naitwa Iracy, mchora maandishi. Nimekuja kuandika historia ya meli ukutani. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Kuna huu mstari wa mwisho, wa kutopoteza mtu. Marehemu baba yangu alikuwa mchoma vyuma hapo karakana ya meli, akafia humohumo, nao pia hawakupoteza mtu, kwa maandishi. Katibu anarudi saa sita. Rangi ikishakauka atagomba, lakini hatakuwa na hela ya kunilipa nifute. Mzee, nipe la kuandika.

Boila alisimama.

— Unasema kweli?

— Nina nafasi ya mstari mmoja. "Alifia melini, 1958," halafu jina. Alikuwa anaitwa nani?

— Muhogo.

— Hilo la utani, mzee. Jina lake.

Boila alifungua mdomo.

Alijua kwamba Muhogo alilala kwenye machela ya tatu kutoka mlangoni, kwamba alikoroma akilalia mgongo, kwamba alikuwa anaogopa vyura, kwamba mama yake alikuwa anamtumia nyama kavu kutoka bara huko Paraíba. Alijua alivyonuka akiungua. Lakini kule chini hakuna aliyeitwa jina. Kwenye kuhesabiwa mliitikia namba, na baada ya hapo mlikuwa Muhogo, Boila, Panya, Sikio. Namba ya Muhogo pia aliijua, au alidhani anaijua. Mia sita na ngapi?

— Lilianza na... alisema. Ngoja. Ngoja kidogo.

Wakangoja. Mama Zulmira aliacha kumimina. Redio, ambaye alijua kombora la Mjapani liligonga upande gani na saa ngapi, alikuwa anaangalia vidole vyake.

— José? alijaribu Askofu, taratibu.

— Usimbahatishie maiti jina! alifoka Boila.

Boila akakaa. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakujihangaisha kuufuta.

— Nimewatukana makamanda wote kwa kumfuta, alisema. Wao angalau waliwahi kuliandika jina lake mahali. Mimi sikumuuliza. Miezi ishirini na sita, mama, tunakula sahani moja. Sikumuuliza.

Iracy alikunja karatasi, akairudisha mfukoni.

— Ule wa uongo siuandiki, alisema. Mstari nitauacha mtupu. Wakiniuliza, nitasema rangi imeniishia.

Akapanda ngazi. Wanaume watatu wakabaki wamekaa, na kwa mara ya kwanza tangu ubao ule ulazwe pale, Redio hakuwa na la kumshuku mtu, wala Askofu hakupata methali. Jeep ya jeshi ilipita bila wao kuigeukia. Mama Zulmira alitikisa chupa yake ya kahawa, ikatoa tone moja, akaifunga.

Walikuwa wamekaa pamoja hapo miaka kumi na minne.

— Boila, alisema Redio hatimaye, bila kumtazama. Samahani, ndugu yangu. Hivi wewe unaitwa nani?

Boila alimgeukia. Alimwangalia kwa muda mrefu, kwanza kwa ile shuku yake ya siku zote, kisha bila shuku.

— Anselmo, alisema. Anselmo Portela Quaresma, mtoto wa Idalina. Haya, rudieni.

Wakarudia. Askofu alikosea la ukoo, na Boila akawaambia waanze tena.