Ditram Petro Luambano (1954–2025): Koti Lake Apewe Mtani

Wasifu huu nimeuandika mimi Scholastica, mdogo wake wa tumbo moja, na ni mimi ninayeusoma. Kamati ya mazishi iliniomba nusu ukurasa. Kaka yangu aliishi miaka sabini na moja, na kusema kidogo si desturi ya nyumba yetu. Mtanivumilia.

Marehemu Ditram alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 katika kambi ya mkonge karibu na Chanzuru, Kilosa, mtoto wa kwanza wa mzee Petro Luambano na mama Agatha. Baba alikuwa Mngoni aliyetoka Songea kuja kukata mkonge. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao, akashika jembe na kulima mahindi.

Alisoma shule ya msingi Kilosa kuanzia mwaka 1962 hadi 1968. Lakini elimu yake hasa aliipata siku moja tu, Juni 1963, tulipomzika baba. Yeye alikuwa na miaka tisa, mimi minne. Wangoni na Wahehe ni watani, mababu zao walipigana vya kutosha, basi pale kaburini akatokea mtani wetu Mhehe, mzee Alfred Kihwele. Alivaa koti la baba, akachechemea kama baba alivyochechemea, akafoka kwa sauti ileile: "Agatha! Ugali uko wapi? Au mnanizika na njaa?" Mama alikuwa hajasema neno siku mbili. Alicheka mpaka akakaa chini, na hapo ndipo alipoweza kulia. Ditram alinisimulia habari hiyo maisha yake yote. "Baba alirudi kwa dakika tano," alikuwa akisema. "Nikajua hiyo kazi nami nitaifanya."

Mwaka 1971 aliajiriwa karani wa mizigo stesheni ya Kilosa, akajiunga na kikundi cha maigizo cha wafanyakazi. Mwaka 1978 aliacha kazi ya reli akaenda Dar es Salaam kuigiza jukwaani. Ndugu walisema amerogwa. Wengine walisema uigizaji ni uhuni, na baadhi yao leo wamekaa viti vya mbele. Kwa uhuni huo alicheza kwenye kumbi, viwanja vya shule na magulio kwa miaka zaidi ya ishirini, akanisomesha mimi ualimu, akajenga nyumba hii ya Mikumi.

Runinga ilimpa umaarufu na ikamnyima mboga. Kwa miaka sita alicheza mjomba anayemdhulumu mjane shamba. Siku moja sokoni hapa Mikumi, Ziada, muuza nyanya, alifunika meza yake kwa kanga.

"Shikamoo mzee. Nyanya zipo, ila si zako. Mrudishie kwanza yule mama shamba lake."

"Marahaba, mwanangu. Nitamrudishia Jumapili, baada ya taarifa ya habari."

"Basi njoo Jumatatu."

Jumapili hakurudisha, na Jumatatu nyanya hakupata. Ziada huyohuyo ndiye mkuu wa jiko la msiba huu tangu juzi, na hajataka kupokewa mwiko na mtu.

Tarehe 6 Novemba 1982 alifunga ndoa na Grace. Walikutana Kisanga, kikundi kilipokwenda kuigiza huko na Ditram akawa analia jukwaani. Binti mmoja alisimama katikati ya watazamaji akamwambia, "Kaka, hivyo ndivyo mtu aliyefiwa analia? Hebu nipishe." Akapanda, akamwonyesha. Ditram alikiri kwamba siku ile alipata mwalimu, na akaona ni ujinga kumwacha. Walijaliwa watoto watatu.

Februari 2022 alipatwa na kiharusi, kikamnyang'anya mkono wa kulia na ile sauti yake. Mtayarishaji mmoja alituma salamu za pole na kuongeza kwamba bubu haigizi. Marehemu aliomba daftari, akaandika kwa mkono wa kushoto: "Basi niandikieni bubu." Yule hakuandika, waliandika wengine. Mwaka uliofuata alicheza mlinzi asiyesema, na watu waliozima redio zao ili wamtazame wanajua alisema nini. Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 2 Agosti 2025. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti, mchana, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Grace.

Sasa nisikilizeni. Kamati imeamua pasiwe na watani leo, kwa kuwa marehemu alikuwa mtu mashuhuri, kuna wageni na kamera, na utani utatutia aibu. Nawaheshimu, lakini sikubali. Paroko nilimuuliza, akasema ibada ikiisha yeye hana neno, hata yeye ana watani. Na ratiba mliyoshika niliipeleka kuchapishwa mwenyewe. Kipengele cha tisa, "Watani", si kosa la mchapaji. Ukurasa wa mwisho wa daftari lake, kwa mkono uleule wa kushoto, kaka yangu ameandika: "Watani wasizuiliwe. Koti langu apewe Mhehe. Grace acheke."

Grace hajasema neno tangu Jumamosi. Hajalia pia. Mimi niliiona hali hiyo kwa mama yangu, na dawa yake niliiona.

Marehemu ameacha mjane wake Grace, watoto wake Magreti, Goodhope na Doris, wajukuu saba, na mimi mdogo wake. Ameacha pia watani wake wote, na wa kwanza ni Bryson Kihwele, mwana wa mzee Alfred. Kama wamemzuia getini, mfungulieni. Bryson, njoo, koti hili hapa mkononi mwangu, na mifuko sijaigusa.

Kaka yangu Ditram apumzike kwa amani. Lakini kwanza mpeni dakika zake tano.