Sanduku la Kubeba au Betri za Kufunga Garini: Risala ya Watumishi wa Magari ya Chanjo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, viongozi mlioko meza kuu, watumishi wenzetu, na ninyi kina mama mliokuja na watoto migongoni mkidhani leo ni siku ya chanjo. Tuwieni radhi. Leo ni siku ya hotuba.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu katika uwanja huu wa karakana. Tumeumwagia maji tangu asubuhi ili vumbi litulie, na tunaona halijatusikiliza. Karibu hivyo hivyo.

Hii ni risala yetu ya tatu juu ya jambo hili hili la umeme wa magari. Ya kwanza aliisikiliza mtangulizi wako. Ya pili aliisikiliza mtu aliyekuja kumwakilisha mtangulizi wako. Zote mbili zilipokelewa kwa mikono miwili, zikapigwa picha, zikaondoka. Hatusemi kwa ubaya. Tunasema ili ukituona hatuna ule uchangamfu wa kupigia makofi kila sentensi, ujue si utovu wa adabu. Ni uchovu tu.

Tumeiandika watu tisa. Anayeisoma ni muuguzi wa gari namba mbili, ambaye sote tunamwita Mama Baridi, kwa sababu kwa miaka kumi na sita kazi yake imekuwa kulinda ubaridi wa chanjo. Yeye alitaka tumtoe humu ndani. Tulikataa, kwa kuwa bila yeye hakuna tunachoweza kueleza kikaeleweka. Akasema kama ni lazima atajwe, basi atajisoma mwenyewe. Kwa hiyo usishangae ukimsikia akijiita "yeye".

TULIKOTOKA

Tuna magari matatu, na kila gari lina watu watatu: muuguzi, karani na dereva. Siku kumi na nane za kila mwezi tunaishi humo. Tunapiga kambi pale tulipofikia, uwanja wa shule au kando ya kisima. Muuguzi analala kwenye kiti cha nyuma, karani kwenye turubai, dereva usukani. Na katikati yetu kuna jokofu la chanjo, ambalo ndilo bosi wetu wa kweli. Likipita nyuzi nane za joto, safari nzima imekufa.

Zamani tulitumia masanduku ya barafu. Miaka mitatu iliyopita ofisi ikatuletea sanduku la umeme la kubeba, moja kwa kila gari. Kwa asiyelijua: ni betri kubwa iliyofungiwa ndani ya kasha lenye mpini, ina matundu ya kuchomekea na kioo cha kuonyesha chaji iliyobaki. Unaichaji kwa paneli ya sola au kwa tundu la kuwashia sigara la gari. Haihitaji fundi. Unabonyeza, jokofu linanguruma.

Mama Baridi alilipenda siku ileile. Alilishonea mfuko wa kitambaa ili lisichubuke. Dereva wake, ambaye kabla ya kuajiriwa alikuwa fundi umeme wa magari na tunamwita Waya, alilizunguka mara mbili akauliza, "Hiki kikifa, kinafunguliwa wapi?" Sisi tulikuwa tunapiga makofi.

KITUO CHA SABA

Mgeni rasmi, kwa kawaida hapa hufuata mafanikio. Tumeona tuanze na hili, usije ukaondoka kabla hatujalifikia.

Ilikuwa msimu wa joto, kituo cha saba, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Foleni ya kina mama ilianza kabla chai haijachemka. Upepo ulikuwa unapiga vumbi, kwa hiyo Waya alifunga vioo vya gari ili vumbi lisiingie kwenye jokofu. Mama Baridi alichoma watoto wa kwanza, akaingia garini kuchukua vichupa vingine, akatoka, akaendelea. Saa sita mchana kipimajoto kilisoma nyuzi tano. Aliandika tano.

Baada ya hapo sanduku likajizima. Tulikuja kuelewa baadaye kwamba lina akili yake: likipata joto kupita kiasi linajikatia umeme lenyewe ili lisiungue. Kwa sanduku ni jambo la busara. Ila halikupiga kelele, na jokofu nalo halikupiga kelele. Mama Baridi alipofungua mlango saa tisa, hakusikia ule mngurumo. Alikitazama kipimajoto, akakifuta kwa kidole, akakitazama tena. Thelathini na moja.

Sheria yetu unaijua, mgeni rasmi. Chanjo iliyopata joto la namna ile haichomwi mpaka makao makuu waipime. Foleni ilikuwa imebakiza watoto sitini na watatu. Karani alimnong'oneza, "Tuseme zimeisha." Mama Baridi alisema, "Hazijaisha. Zimeharibika mikononi mwangu. Ndivyo nitakavyowaambia." Akasimama juu ya ndoo ili waliokuwa nyuma wamwone, akawaambia.

Mbele kabisa ya foleni alikuwapo mama mmoja mwenye pacha wa miezi tisa, mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Aliuliza tu, "Mnarudi lini?"

"Wiki ijayo," alisema Mama Baridi, na aliamini anachokisema.

Tulirudi baada ya wiki tano. Sanduku lilikataa kuwaka tena. Hapa mjini hakuna fundi aliyeweza kulifungua, limezibwa pande zote, likarudishwa kwa aliyeliuza, na sisi tukakaa tunangoja hadi lirudi limetengenezwa. Tuliporudi, surua ilikuwa imetangulia. Yule mama alikuwa wa kwanza tena kwenye foleni. Safari hii alikuwa na mtoto mmoja tu. Mama Baridi alimwuliza pacha mwenzake yuko wapi.

"Yuko kwa bibi yake. Alishaugua, amepona. Jicho la kushoto ndilo halioni tena." Kisha akamgeuza aliyekuja naye, akamfunua paja, akauliza bila ukali wowote, "Leo mashine yako inafanya kazi?"

"Inafanya," alijibu Mama Baridi. Alichoma. Akaomba dakika mbili, akaenda nyuma ya gari, na karani akaendelea kuandika majina.

MAFANIKIO

Mwezi uliofuata Waya alimfuata Mama Baridi akiwa na mchoro kwenye kipande cha katoni.

"Mama, lile sanduku ni zuri kwa watu wanaokwenda kupumzika wikiendi. Sisi si watu wa wikiendi. Niruhusu nifunge betri humu humu garini, chini ya kiti. Zichajiwe na injini tukiwa njiani, na sola juu ya paa tukiegesha. Kikiharibika kitu, nakibadilisha hicho hicho kimoja, siyo kupeleka ukoo mzima hospitali."

"Na gari lenyewe likiharibika?"

"Mikononi mwangu gari haliharibiki."

"Mwaka juzi uliniambia hivyo hivyo, tukakaa siku nne tunakula biskuti."

Waya alicheka, naye akacheka, na tunaandika hili kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu kituo cha saba.

Waya alizifunga betri kwa ruhusa ya mkuu wa karakana. Mwanzoni hakupatia. Siku ya pili barabarani Mama Baridi alisema, "Waya, nasikia harufu."

"Ni dizeli, Mama."

"Dizeli naijua, nimeilalia miaka kumi na sita. Hii ni plastiki inaungua."

Walisimama. Kweli, nyaya alizotumia zilikuwa nyembamba kwa mzigo ule, zilikuwa zimeanza kulainika. Hatufichi hili, mgeni rasmi, kwa sababu atakayekwambia kwamba mfumo wa kufunga hauna hatari anakudanganya. Unataka mtu anayejua, nyaya nene, na fyuzi karibu na betri. Waya alirudia kazi yote upya, akamwomba fundi wa umeme wa hospitali aje aikague.

Kuanzia hapo, kwa miezi kumi na moja, jokofu la gari namba mbili halikupita nyuzi nane hata siku moja. Fyuzi iliungua mara mbili, na mara zote mbili ilibadilishwa kabla maji ya chai hayajachemka. Daftari la joto liko hapa mezani. Limeandikwa kwa mkono wa Mama Baridi, asubuhi, mchana na jioni. Tunakuomba ulifungue.

YALIYOTUSHINDA

Mwezi wa kumi na mbili giaboksi ilikufa. Gari likavutwa hadi karakana hii tuliyokaa, likakaa wiki saba likisubiri kipuri, na betri zetu nzuri zikakaa nalo, zimekazwa chini ya kiti. Waya alisimama pale langoni ameshika funguo kama mtu aliyefiwa. Mama Baridi angeweza kumkumbusha zile biskuti. Badala yake alikwenda stoo, akalitoa lile sanduku la kubeba, ambalo lilikuwa limerudi kutoka kwa muuzaji na hakuna aliyetaka kuliona. Alilifuta vumbi.

"Utalitumia hilo?" Waya aliuliza.

"Kituo cha nne kiko ng'ambo ya mto. Hata gari lako zima lisingevuka. Wewe shika huku, mimi nishike huku."

Walipanda lori la mchanga hadi mtoni, wakavuka kwa miguu wamelibeba sanduku wawili, karani na vibarua wamebeba jokofu. Mama Baridi aliliweka darasani, kwenye sakafu, mbali na dirisha, akalitandikia shuka lililoloa kando yake ili hewa ipoe, na kila nusu saa alikwenda kulishika kwa kiganja kama anavyopima mtoto homa. Siku tatu. Watoto mia mbili na kumi na wawili. Halikuzima.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, ukituuliza kipi bora, tutakuchosha. Waya na Mama Baridi walibishana mto mzima kwenda na kurudi, na mwisho wake kila mmoja alikuwa anatetea kitu cha mwenzake.

MAOMBI

Tumeyaona masanduku sita mapya pale pembeni, yamefunikwa kitambaa cha buluu, yakisubiri uyafunue. Tunashukuru, na tunajua mpiga picha yuko tayari. Tunaomba uyafunue, upigwe picha, kisha utusikilize kabla hayajagawanywa.

Tuachie matatu, moja kila gari, kwa ajili ya kwenda kule gari lisikofika. Mengine matatu yabadilishwe yawe betri za kufunga, nyaya nene na paneli za paa kwa magari yote matatu, na kazi ikaguliwe na fundi mwenye cheti, siyo Waya peke yake. Waya mwenyewe ndiye aliyetaka hilo liandikwe. Betri zikae kwenye fremu ya bolti nne inayofunguka kirahisi, ili gari likienda karakana zisiende nalo.

Tunaomba pia magodoro. Hili tumeliomba mara zote tatu, na tunaliweka kwa mazoea.

Ombi la mwisho Mama Baridi hatalisoma. Anampisha Waya.

Mgeni rasmi, mimi ni dereva wa gari namba mbili. Baada ya kituo cha saba, ofisi ilimwandikia Mama Baridi barua ya onyo. Inasema alizembea katika kusimamia kifaa. Alijibu kurasa mbili, hakujibiwa. Barua bado iko kwenye faili lake. Aliyefunga vioo vya gari siku ile, sanduku likakosa hewa, ni mimi. Nilimweleza mkuu wa idara kwa mdomo, akasema suala limeshafungwa. Sasa nalisema kwa maandishi, mbele ya watu, na wenzangu wote wameweka sahihi.

Mama Baridi amebakiza miezi minne astaafu. Hajaomba sherehe, na sisi hatumwombei. Anakwenda kituo cha saba kila zamu, hata isipokuwa yake, na akimaliza kazi anapita kwa yule bibi kumwona mtoto. Mtoto kwa sasa anatembea, anajigonga mlangoni kwa upande wa kushoto, anacheka. Tunaomba ile barua itolewe kwenye faili kabla faili halijafungwa. Ni karatasi moja.

HITIMISHO

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi gari namba mbili linaondoka na chanjo za watoto mia tatu na hamsini, kwa umeme wowote utakaokuwa umetuachia.

Mgeni rasmi, Mungu akufikishe nyumbani salama, akupe barabara kavu, na leo akujalie usingizi wa kitandani, mrefu, usioamshwa na mngurumo uliokatika.

Ni sisi, wauguzi watatu, makarani watatu na madereva watatu,
Watumishi wa Magari ya Chanjo.