Mwalimu Wegesa na Mikufu ya Shanga Sita

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mwalimu Wegesa, mwalimu wa hesabu. Alifundisha Bunda miaka mingi, akastaafu, akaishi Mukendo, hapa Musoma mjini, na mume wake Stanislausi. Mwalimu Wegesa alitutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane.

Wengi wenu mlipitia mikononi mwake. Mnakumbuka mkoba wake wa kitambaa uliojaa shanga. Alikuwa akiingia darasani, anamwaga shanga mezani, anasema: "Msiandike kitu. Kwanza shikeni."

Binti yake, Gati, anasimulia swali ambalo mama yake alilipenda kuliko yote.

"Anakupa shanga tatu nyeusi na tatu nyeupe," anasema Gati. "Anakuuliza, utatengeneza mikufu mingapi isiyofanana? Ukizipanga kwenye mstari, unaona njia ni nyingi sana, unakata tamaa. Yeye anacheka. Anakwambia funga uzi, uwe duara. Ukishafunga, mikufu mingi inageuka kuwa ile ile, umeizungusha tu. Inabaki minne. Hapo unafurahi, unadhani umemaliza. Mama anachukua mmoja, anaupindua chali. Loo, kumbe unafanana na mwenzake. Inabaki mitatu."

Mikufu mitatu tu, wasikilizaji. Kwa swali hilo wasichana waliokuwa wakiogopa hesabu walikaa mezani mpaka kengele ikalia, na wengine hawakutaka kuondoka.

Miaka mitano iliyopita, Mwalimu Wegesa alipata kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, na maneno yakaondoka. Yote. Mwanamke aliyeishi kwa kusema na watoto hakuweza kutamka hata jina la mume wake.

Alirudishwa nyumbani kutoka hospitali, akageukia ukuta. Ndugu walikuja kumwona. Walimpigia kelele kama kiziwi, ingawa alisikia vizuri. Kisha walizungumza juu yake, yeye akiwa pale pale, kama mtu asiyekuwepo.

Mzee Stanislausi ni fundi wa injini za boti pale Mwigobero. Mikono yake ni mikubwa, na kucha zake hazitoki oili. Siku moja alitoa ule mkoba wa shanga, akakaa kando ya kitanda, akaanza kutunga.

Anasema: "Shanga zilikuwa zinaniponyoka, zinaingia chini ya kitanda. Nikatunga mikufu miwili. Huu, nyeusi mbili, nyeupe moja, nyeusi moja, nyeupe mbili. Mwingine, nyeusi mbili, nyeupe mbili, nyeusi moja, nyeupe moja. Nikaiweka kwenye sinia. Nikamwambia, Mwalimu, hii ni sawa au ni tofauti?"

Mwalimu Wegesa aliitazama kwa muda mrefu. Kisha kwa mkono wa kushoto akaisogeza pamoja. Maana yake, ni sawa.

"Nikamwambia, hapana, angalia vizuri, hii ni tofauti. Mimi niliitunga mwenyewe. Akatikisa kichwa. Akachukua mmoja, akaulaza upande wa pili. Halafu akasema, geuza."

Geuza. Hilo ndilo neno la kwanza alilosema baada ya kiharusi.

Nilimwuliza Mzee Stanislausi alifanya nini. Akanijibu: "Nilienda kukaa nje kidogo. Halafu nikarudi, nikatunga mwingine."

Kwa miezi, Mwalimu alikuwa na neno hilo moja tu. Akitaka uji, geuza. Akitaka redio izimwe, geuza. Mume wake alijifunza kusubiri, akitazama macho na mkono mpaka aelewe. Na kila jioni walikaa mezani na sinia la shanga.

Ndipo wakaanguka. Mzee alikuwa akimsaidia kuoga, sakafu ikateleza, wote wawili wakaanguka. Hawakuumia sana, lakini ukoo ulikaa kikao. Ikaamuliwa Mwalimu ahamie Butiama, kwa kaka yake, Makongoro, ambako kuna watu wengi wa kumhudumia. Mzee Stanislausi alikubali. Aliona aibu kwamba alimwangusha mke wake. Mwalimu mwenyewe hakuulizwa.

Makongoro alikuja na gari asubuhi. Mzee alimfunga mke wake mkanda, akamwekea mkoba wa shanga mapajani, akabaki getini.

Msikilizeni Makongoro.

"Dada alikuwa ameketi kando yangu, mkoba wake mapajani. Tulipofika Makutano, pale pa kukata kwenda Butiama, akasema, geuza. Mimi najua neno lake ni hilo tu. Nilikuwaga namwona na shanga zake. Nikachukua mkufu, nikaugeuza, nikamrudishia. Akauweka pembeni. Geuza. Nikamwambia, dada, tunakaribia. Akapitisha mkono wake ule mzima mbele ya kifua, akashika usukani."

Makongoro aliegesha gari kando ya barabara. Kwa mara ya kwanza tangu dada yake augue, alimwuliza swali na kusubiri jibu.

"Nikasema, dada, unataka nikurudishe kwa shemeji? Akaitika kwa kichwa. Machozi yanamtoka. Nikaona, sisi wote tulimpangia huyu mtu kama mzigo. Nikageuza gari."

Walipofika Mukendo, Mzee Stanislausi alitoka mbio. "Nilijua wamesahau dawa," anasema. "Nikaona anaanza kufungua mkanda mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata, Makongoro alirudi na saruji na mabomba. Akakwangua ile sakafu, akafunga vyuma vya kushikilia bafuni. Hakuacha kuja kuwaona.

Maneno ya Mwalimu yalirudi polepole, moja moja, na hayakurudi yote. Lakini yalitosha. Watoto wa jirani walianza kuja barazani na madaftari yao, naye akawafunika madaftari kwa kiganja, akawamwagia shanga. Alifundisha tena, kwa mkono wa kushoto.

Mwaka jana, afya ilipodhoofika, mume wake na kaka yake walikaa naye, wakamwuliza angependa kupumzika wapi. Akasema, "Kwa mama." Mama yake amezikwa Butiama. Jumatano iliyopita walimpeleka, kama alivyotaka.

Nilimwuliza Mzee Stanislausi kama siku hizi anajua hesabu. Akatabasamu. "Sijui hesabu mimi. Nilikuwa nataka tu asigeukie ukuta."

Kwako Mzee Stanislausi, kwako Gati, kwako Makongoro na ukoo wote wa Butiama, poleni sana. Nanyi mliofundishwa naye Bunda, poleni. Mungu ampumzishe mwalimu wetu kwa amani.

Nawe unayenisikiliza, huenda nyumbani kwako yupo mtu ambaye maneno yamemwishia. Ni mzee, au ni mgonjwa. Leo, kabla hujaamua lolote kwa niaba yake, vuta kiti, kaa karibu naye. Mwulize anataka nini. Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kujibu.