Siku Panya Walipotukatalia: Kumuaga Dk. Tunu Twahir

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Dk. Tunu Twahir anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, na sisi wa maabara ya utafiti wa kinga hapa Nduruma bado hatujazoea kulisema jambo hilo kwa sauti.

Mzaliwa huyu wa Ngarenaro, binti wa fundi wa kuchomelea vyuma, alisomea udaktari wa mifugo Morogoro, akaja kwetu wakati maabara ikiwa vyumba viwili na jenereta lililogoma kila mvua iliponyesha. Ndiye aliyetufundisha kunyamaza tuingiapo chumba cha panya. Ndiye pia aliyemfukuza panya mtoro mpaka chini ya meza ya mkurugenzi, mbele ya wageni, akaibuka naye mkononi na kuwaamkia wote kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kazi yake kubwa ilihusu retrovirusi, virusi vinavyojipachika ndani ya vinasaba vya seli na kubaki humo maisha yote. Panya wake waliambukizwa, wakaugua, wakapona, lakini kirusi kilibaki kimejificha kwenye bandama. Nini kilikizuia kisiamke? Kwa miaka mingi Dk. Tunu alijibu bila kusita: ni seli wauaji, wale askari wa kinga wanaoua kila seli iliyoambukizwa. Tulilifundisha hilo, tukaliandikia makala.

Jaribio la kuthibitisha lilikuwa rahisi: waondoe wauaji kwa dawa, kirusi kitaamka. Mtafiti mwenzetu Resiato aliomba kundi jingine la panya waondolewe seli wasaidizi, ambao tuliamini kazi yao ni kuwaelekeza wenzao tu. Dk. Tunu aliona ni kupoteza panya, ila akakubali.

Asubuhi ya majibu, Resiato aliingia chumba cha chai uso umemshuka.

"Shikamoo, Dokta," alisema. "Wauaji wameisha kabisa, na kirusi hakijaamka. Kimeamka kule tulikowaondoa wasaidizi."

Hakuna aliyenyanyua kikombe. Dk. Tunu alikwenda kupima upya yeye mwenyewe. Bandama za kundi la Resiato zilikuwa zimevimba. Zile nyingine zilikuwa shwari. Alirudi akaketi, mikono juu ya magoti. Sisi tuliozoea kicheko chake tuliogopa hata kumtazama.

Wiki ileile wafadhili walikuwa wanakuja kukutana nasi Makumira, waamue kama mradi uendelee. Mkurugenzi wa wakati huo alimshauri aeleze siku za mwanzo za maambukizi tu, ambako wauaji kweli hufanya kazi, haya mengine yasubiri. Alimjibu kwa upole: "Panya wametujibu. Hatutawauliza tena na tena mpaka waseme tunalolitaka sisi."

Akasimama ukumbini na kutamka kwamba alichofundisha kwa miaka yote ile kilikuwa nusu ya ukweli, kisha akamwita Resiato mbele aeleze nusu ya pili. Wafadhili waliondoka bila ahadi, mradi ukasimama karibu mwaka mzima, na wenzetu wawili wakahamia kwingine. Walikuwepo waliomlaumu waziwazi, naye hakujitetea.

Yeye na Resiato walirudia jaribio, jibu likawa lilelile. Maabara nyingine za nje nazo zikalipata. Mradi ulifufuka, na leo wanafunzi wetu hujifunza tangu mwanzo kwamba wauaji huzima moto wa kwanza, lakini wanaolinda majivu yasiwake tena ni wasaidizi.

Mwezi uliopita alipotangaza kwamba anaondoka, tulidhani mshtuko umeishia hapo. Kumbe bado: kitengo chake anamkabidhi Resiato. Resiato alilia mbele yetu sote, na Dk. Tunu, ambaye hatukumwona akitoa chozi hata siku ile ya majibu, alimshika bega wakalia pamoja.

Asante, Dokta, kwa kutufundisha kushtuka bila kukimbia. Nenda ukapumzike na wajukuu. Mungu akujalie afya, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na zenye furaha.