Mtaro wa Nguruwe wa Rosa

Bwana apewe sifa, wapendwa! Na wale wa nyuma waitike pia, maana nimesimama hapa kwa miguu yangu miwili. Mimi ni Mama Wesonga wa hapa Matungu, na leo nitaanza na jambo la aibu ndipo nifike kwenye furaha.

Ndugu zangu, nilikuwa na wivu, tena si haba. Rosa, mke wa shemeji yangu, yule aliyevaa kitambaa cha kijani pale, aliolewa bomani kwetu nikiwa nimeshakaa miaka sita. Mwaka haukuisha, mama mkwe akahamia jikoni kwake. Kuku akichinjwa, anapikwa kwa Rosa. Rosa akiimba kwaya, watu wanafunga macho. Nikiimba mimi, wanatafuta ukurasa. Akafuga nguruwe, wakazaa, akauza, akajenga. Mimi nikabaki kulalamikia mtaro unaopita kati ya nyumba zetu ukibeba maji machafu ya nguruwe wake. Nilimlalamikia mzee wa kijiji, nikamlalamikia pasta, hata nikaomba kwa kufunga ili mtaro ule ukauke.

Msimu wa kukata miwa, nikakanyaga kisiki cha muwa, kikapenya ndala mpaka kwenye unyayo. Mnajua tunavyofanyanga huku kwetu. Nilinunua vidonge vya rangi mbili dukani, nikavifungua, nikamwaga unga kidondani. Kikikauka juu, naacha. Kikitoa usaha, nanunua vingine viwili. Miezi minne! Kumbe nilikuwa nawazoeza bakteria ile dawa. Nilipofika hospitali, dawa moja baada ya nyingine zilishindwa. Mguu ukavimba hadi gotini, homa ikapanda, daktari akasema hali isipobadilika utakatwa.

Kulikuwa na watafiti waliokuwa wakijaribu tiba nyingine. Binti mmoja mpole akanieleza kwamba kuna virusi visivyokuwa na habari na mtu. Kazi yao ni kuingia ndani ya bakteria na kuzaana humo mpaka bakteria apasuke. Kila kirusi kina bakteria wake, kwa hiyo lazima watafute kinachomla huyu wa kwangu, na huwa vinapatikana penye uchafu, ambako bakteria ni wengi. Wakachukua usaha wangu, wakaenda kuchota maji mitaroni huku na huko. Wakarudi wamefurahi. Wamekipata, na wamekisafisha maabara. Binti hakunificha kwamba ni majaribio na huenda yasifaulu. Kama nakubali, nitie sahihi. Nikauliza kimetoka mtaro gani.

Mnacheka. Ndiyo, ni huo huo.

Nilikataa. Nilisema heri wakate. Mume wangu alinisihi mpaka akachoka, nami nikageukia ukuta. Nilikuwa namwona Rosa sokoni akiwaambia watu kwamba nguruwe wake wameniponya, na moyo ukaniwaka kuliko kidonda.

Siku ya tatu Rosa akaja na chupa ya uji. Hakulia wala hakunihubiria. Alinimiminia kikombe, akasema, "Mama Wesonga, wakikata huo mguu, nani atakuchoteanga maji? Ni mimi. Nitakuchotea mpaka tuzeeke."

Wapendwa, hapo nikaona yote. Rosa na mtungi wangu kichwani kila asubuhi. Kanisa zima likisifu moyo wa Rosa. Mama mkwe akimwekea mikono ya baraka, nami nimeketi mlangoni nasema ahsante kila siku ya maisha yangu! Nikamwita yule binti, nikaomba kalamu.

Kwa hiyo msiniite mama wa imani. Nilitia sahihi kwa wivu. Mungu angengoja nipate moyo safi kwanza, mngekuwa mmeshanizika. Walinimiminia dawa ile kidondani kila siku, pamoja na sindano za kawaida. Siku za kwanza sikuona kitu. Kisha usaha ukapungua, homa ikashuka, nyama nyekundu ikaanza kuota, na daktari akafuta jina langu kwa wale wa kukatwa.

Je, wivu umeisha? Siwezi kudanganya mbele ya madhabahu. Jumapili iliyopita Rosa akiimba nilikuwa namtafutia kosa, na nilipolipata nilifurahi. Niombeeni.

Wewe mwenye kidonda, acha kumwaga vidonge, nenda hospitali mapema. Na wewe unayemlilia Mungu huku ukimchagulia njia ya kukufikia, mtumaini tu. Mwache apite hata kwa mtu usiyeweza kumtazama.

Nimemshukuru Mungu. Nimemshukuru daktari, na yule binti nimempelekea kuku. Mtu mmoja tu sijamwambia neno hadi leo, na ndiyo sababu nimeomba kusimama mbele yenu wote, nisipate pa kukimbilia.

Rosa, asante.

Haya, limetoka. Sifa ni za Mungu, milele na milele. Amina.