Tulivyochagua Pangaboi Namba Kumi na Mbili

Mgeni rasmi, Mama Josephina, mratibu wa mradi wa boti za Ruvuma. Mwenyekiti wa kijiji. Wazee wetu, shikamooni. Sisi wanakikundi cha Wavushaji Tujitume, kina mama kumi na mmoja na kina baba wanne, tunakukaribisha huku bondeni. Umetoka Newala asubuhi, na mteremko ule si wa mchezo. Pole, na karibu.

HISTORIA

Mgeni rasmi, mwaka juzi mradi wako ulitoa boti mbili za kufanana na injini mbili za kufanana. Moja yetu, moja ya wenzetu wa Kikundi cha Amkeni, ambao kivuko chao kipo hapo kwenye kona ya mto. Kilichotofautiana ni pangaboi, lile feni la nyuma linalosukuma maji. Moja liligongwa namba tisa, jingine kumi na mbili. Tuliambiwa tuchague sisi kwanza, kwa kuwa tulitangulia kufika Masasi kuzichukua.

Hatukuuliza namba ni ya nini. Kiongozi wetu, Baba Kurwa, alisema, "Chukueni kubwa, hao wasije wakatupita." Tukachukua kumi na mbili. Tulicheka njia nzima, kutoka Masasi hadi Newala.

MAFANIKIO

Tumevusha wagonjwa, magunia ya mahindi na mbuzi wa harusi. Hakuna aliyezama. Boti yetu tunaiosha kila Ijumaa; ya wenzetu ina ukoko wa matope, na hilo tunaomba liandikwe.

CHANGAMOTO

Wenzetu wanatupita. Boti yao inapakia mzigo kama wetu, inaondoka baada yetu na kufika kabla yetu. Lita tano zinatuvusha mara sita. Wao mara tisa. Abiria wetu sasa wanatembea hadi kwao, hata mama mkwe wa Baba Kurwa.

Kwanza tulisema wamebadilishiwa injini. Wengine tulisema wamekwenda kwa mganga. Katibu wetu Faidha, huyu anayekusomea, alikwenda kuchunguza. Alikaa ukingoni majuma matatu akimenya mihogo na kusikiliza. Akagundua injini yetu ikielemewa na mzigo inaguna tu, haichanganyi mwendo. Ya kwao inaimba. Ndipo akapanda boti yao kama abiria. Nahodha wao, Abdulazizi, alipoinua injini kwenye mchanga, Faidha akasoma: tisa.

Akaenda Masasi kwa fundi Optatus. Fundi akamweleza kwamba namba ile ni inchi ambazo pangaboi linataka kusogea kila likizunguka mara moja. Kumi na mbili ni ya boti nyepesi inayokimbia tupu. "Nyinyi mnapanda mlima wa Newala na bodaboda ya mishikaki," alisema, "halafu mmeweka gia ya nne."

Tukaenda Amkeni kuomba watuazime pangaboi lao la akiba. Abdulazizi akajibu mbele ya abiria waliokuwa wetu: "Shemeji zangu, si mlichagua wenyewe? Wakubwa huchukua namba kubwa." Hilo liliuma kuliko petroli tunayopoteza.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi injini mpya. Tunaomba pangaboi moja, namba tisa, maana maduka ya Masasi na Newala yana vipuri vya pikipiki tu. Tunaliomba kabla ya msimu wa korosho, vibarua wa ng'ambo ya mto watakapoanza kuvuka. Wakizoea boti ya Amkeni, yetu itabaki ya kuanikia mihogo.

Pia tumesikia kwamba ratiba inakuvusha na boti ya Amkeni, eti inawahi. Tunakuomba uvuke na yetu. Utachelewa, hatukufichi. Lakini utakaa nyuma karibu na injini, utaisikia inavyoguna, nao watatupita mbele ya macho yako, na Abdulazizi atakupungia mkono. Hapo utakuwa umeielewa risala hii kuliko tulivyoweza kuiandika.

Mungu akuvushe salama, akurudishe salama, na safari ijayo akulete na kitu kizito kilichofungwa kwenye gazeti.

Ni sisi,
Kikundi cha Wavushaji Tujitume.
Wenzetu wa Amkeni mliokaa kule nyuma, tumewaona. Karibuni chai.