Vidonge Kumi na Nane Vilivyobaki

Swali lililoninyima usingizi kwa miezi mitatu lilikuwa hili: je, mimi ni sumu? Wazee wangu, shikamooni. Mkicheka sitakasirika, siku hizi hata mimi nacheka.

Nilimaliza chuo nikawa natafuta kazi, nikapata ugonjwa. Baada ya upasuaji wa utumbo niliandikiwa vidonge vya saratani vya kumeza nyumbani: vitatu asubuhi, vitatu jioni, baada ya chakula, siku kumi na nne, kisha wiki ya mapumziko. Mfamasia alinielekeza taratibu. Watu wengine wa nyumbani wasivishike kwa mikono mitupu, hasa mjamzito. Akauliza kama nina swali. Nilikuwa nayo kama arobaini, lakini foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Nikasema sina.

Nyumbani kwa mama, Temeke, tuliishi na kaka na mkewe, na wifi yangu alikuwa mjamzito. Nikaanza kuwaza. Kama kidonge hakiguswi, na kidonge kimo ndani yangu, mimi je? Nikanunua sahani yangu na kikombe changu. Kwetu tunakula sinia moja, wote mkekani. Mie nikawa nakula chumbani. Mama alidhani nimenuna. Mwishowe nikapanga chumba Segerea, nikawaambia nataka utulivu.

Ndugu zangu, utulivu ule nausikia hadi leo. Nilikuwa naosha sahani moja, kijiko kimoja, halafu nakaa. Viganja vikawa vyekundu, ngozi ikachubuka, nikaona huo ndio ushahidi. Muuza maandazi nilimwomba aniwekee kwenye mfuko na kuuacha mezani, asinishike.

Wifi akajifungua mtoto wa kike. Kaka akapiga simu kwamba Jumapili ijayo arobaini inatimia, mtoto anatolewa nje, na kwetu anayempakata kumvusha mlango ni shangazi. Akasema shangazi ni mmoja tu, nisiwaletee mambo ya usomi.

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Arobaini niliijua tangu mtoto azaliwe. Nilikuwa nimeacha vidonge siku tatu kabla ya kumaliza, ili mwili usafike mapema. Na vipya nilipanga nisivianze mpaka Jumapili ipite.

Ijumaa nikaenda kuchukua dawa. Yule dada mfamasia ana utaratibu wake, lazima urudi na pakiti za zamani, azihesabu mbele yako. Akahesabu mara mbili.

"Mdogo wangu, vimebaki kumi na nane. Hivi ni vya siku tatu. Vimekushinda, au umeviacha?"

Nilitaka kudanganya, nikalia. Nikamweleza yote: sahani, Segerea, mtoto. Akatoka nyuma ya dirisha lake, akanikalisha kwenye benchi, akanishika viganja vyote viwili. Hakuvaa glovu. Tangu nihame, hakuna mtu aliyekuwa amenishika.

"Kisichoguswa ni kidonge," akasema. "Wewe unaguswa. Kula nao, mpakate mtoto. Ukishika dawa, nawa kwa sabuni, basi. Lakini ukiendelea kuziacha, huyo mtoto atakuja kumjua shangazi yake kwenye picha."

Akanipeleka kwa daktari, naye daktari akanikagua, akasema wekundu wa viganja ni athari ya dawa tu, nianze mzunguko mpya siku ileile. Nikapewa mafuta ya viganja, na namba ya simu. Dada akaniambia swali likinijia nimpigie, nisijijibu mwenyewe. Ananijua.

Jumapili nikanywa chai, nikameza vidonge vitatu, nikanawa kwa sabuni. Haya, nilinawa mara tatu. Temeke, wifi akaninyooshea mtoto. Nikampokea, nikavuka naye mlango.

Namshukuru dada yule kwa kuhesabu. Namshukuru mama, alisogea tu mkekani nikapata nafasi kwenye sinia. Nanyi mnaoanza dawa, foleni ikiwa ndefu iacheni iwe ndefu. Ulizeni.

Jumatatu nilirudisha ufunguo wa Segerea. Ile sahani nilimwachia mama mwenye nyumba.